Mafundi wa Pumzi: Regulata, Ziwa na Mikono Inayoitunza

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka ikitokea Bukoba na Kemondo, ikiwa imeikaribia Mwanza. Haikuzama yote mara moja. Tumbo lake lilibaki juu ya maji kwa muda, na waliopanda juu yake walisikia watu wakigonga bati kutoka ndani. Walikuwa hai bado, wamenaswa kwenye hewa iliyobaki vyumbani. Waokoaji walitoboa tundu ili wawatoe. Hewa ikatoka, maji yakapanda kushika nafasi yake, na meli ikaenda chini. Inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 800 walikufa, na wengi wao wamelala katika makaburi ya Igoma, jijini Mwanza.

Taifa liliomboleza kwa siku tatu. Tume ya Jaji Robert Kisanga ilichunguza meli, uzito wa mizigo na idadi ya abiria. Kazi ya kuingia ndani ya chombo kilicholala mita 25 chini ya maji ilihitaji watu wa aina nyingine kabisa, na miongoni mwa walioifanya walikuwa wazamiaji wa Jeshi la Wanamaji la Afrika Kusini, walioletwa kutoka mbali na mitungi yao. Mtu aliyenaswa ndani ya meli iliyopinduka haokolewi kwa kutoboa kutoka juu. Anafuatwa kutoka chini, na mtu mwenye mtungi mgongoni na regulata mdomoni.

Regulata ni chombo kinachotosha kiganjani. Kinapokea hewa iliyogandamizwa ndani ya mtungi kwa nguvu ya kutisha, kinaipunguza, kisha kinampa mzamiaji pumzi kila anapovuta. Historia yake ni ya karibu miaka 160, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa na watu waliokifungua, wakakisafisha na kukifunga tena. Kwa wakazi wa Kiseke na kata nyingine za Manispaa ya Ilemela, jijini Mwanza, wanaoishi kilomita chache tu kutoka majini, historia hiyo inawahusu kuliko wanavyodhani.

Watu wa Afrika Mashariki walizama muda mrefu kabla ya mitungi. Wavuvi wa Kojani, kisiwa kidogo cha Pemba, wanajulikana pwani yote kwa kupiga mbizi kufukuza samaki kuingia nyavuni. Katika Ghuba ya Uajemi, karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, biashara ya lulu iliwategemea wazamiaji ambao wengi wao walikuwa na asili ya Afrika Mashariki, na baadhi yao walipelekwa huko kama watumwa. Mzamiaji alibana pua kwa kibanio kidogo, akateremshwa na jiwe lililofungwa kwenye kamba, akaokota chaza kwa pumzi moja, akatikisa kamba ya pili ili mwenzake aliyebaki chomboni amvute juu. Maisha yake yalikuwa mikononi mwa huyo mvutaji. Biashara hiyo ilianguka baada ya 1929, wakati mdororo wa uchumi wa dunia ulipokutana na lulu za kufugwa kutoka Japani.

Chombo cha kupumulia chini ya maji kilianzia migodini. Mwaka 1860, mhandisi wa migodi wa Ufaransa, Benoît Rouquayrol, alipata hataza ya kifaa cha kudhibiti hewa iliyogandamizwa, akiwa na nia ya kuwasaidia wachimbaji wanaonaswa kwenye gesi chafu au maji. Alipokutana na ofisa wa jeshi la wanamaji, Auguste Denayrouze, kifaa kilipelekwa baharini. Siri yake ilikuwa kipande cha mpira mwembamba, diaframu, ambacho huvutwa ndani mzamiaji anapovuta pumzi na kufungua valvu. Akiacha kuvuta, valvu inajifunga. Mtungi wao haukuweza kubeba hewa nyingi, kwa hiyo mara nyingi mzamiaji alibaki amefungwa kwa bomba na pampu iliyokuwa juu. Wazo lilikuwa sahihi. Chuma cha enzi zile ndicho kilichokuwa hakijafika.

Wazo hilo lilifufuka katika shida ya vita. Mwaka 1942, Paris ikiwa chini ya Wajerumani, petroli ilikuwa imeadimika na magari yaliendeshwa kwa gesi. Émile Gagnan, mhandisi wa kampuni ya Air Liquide, alikuwa ametengeneza valvu ya kupima gesi inayoingia kwenye injini. Jacques Cousteau, ofisa wa wanamaji aliyetafuta njia ya kuogelea chini ya maji bila bomba la kwenda juu, alimwendea na tatizo lake. Valvu ya gari ikageuzwa kuwa valvu ya binadamu.

Jaribio la kwanza lilifanyika katika mto Marne, Januari 1943, na lilishindwa. Cousteau akiwa amelala usawa, hewa ilikuja vizuri. Akisimama wima, ilimwagika ovyo. Akiinamisha kichwa chini, ilikuwa ngumu kuvuta. Wawili hao hawakuitupa. Walikaa na chombo chao wakagundua kwamba tundu la kutolea pumzi lilikuwa kwenye kina tofauti na diaframu, na maji yana mgandamizo tofauti kwa kila kina, hata kama tofauti ni ya sentimita chache. Waliviweka pamoja, kwa usawa mmoja, na tatizo likaisha. Kiangazi cha mwaka huohuo chombo kilifanya kazi katika bahari ya Mediterania. Hivyo regulata ya kisasa ilizaliwa kwa matengenezo: fundi mmoja na mtumiaji mmoja, na swali la kwa nini kinavuja.

Baada ya vita, mitungi ilienea duniani na ikafika kwenye maziwa yetu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa Kijapani walishirikiana na wenzao wa Kongo huko Uvira, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, wakizama mara kwa mara kuhesabu na kuangalia samaki wa miambani. Mmoja wao, Michio Hori, alichapisha mwaka 1993 matokeo yaliyosomwa dunia nzima: samaki mla magamba aliye na mdomo uliopinda kulia au kushoto, na namna wingi wa kila upande unavyopanda na kushuka kwa zamu. Kazi kama hiyo inataka miaka ya kuzama mahali pamoja, na miaka ya kuzama inataka kompresa inayofanya kazi na regulata zisizovuja, mbali sana na kiwanda chochote.

Umbali huo ndio unaoonyesha ugumu wa jambo. Kadiri biashara ya kuzama ilivyokua Ulaya na Marekani, watengenezaji wengi waliamua kwamba vipuri na vitabu vya mafundi vitauzwa kwa maduka na mafundi waliopitishwa nao tu. Sababu yao kubwa ni usalama, nayo ina uzito: regulata iliyofungwa vibaya inaua. Lakini uamuzi huo ulimwacha pembeni mtu anayeishi mahali pasipo na duka. Wazamiaji wakaanza kujifunza wenyewe, na mwaka 1999 Mmarekani Vance Harlow alichapisha kitabu kizima kuhusu kutunza na kutengeneza regulata, akieleza wazi kila hatua iliyokuwa imefungwa kwenye karakana za wauzaji. Tangu hapo hoja imebadilika. Inaulizwa mtu asiye fundi wa kampuni afundishwe vipi ili aifanye kazi hiyo kwa usahihi.

Kwa mtu aliyezoea kufungua kabureta ya pikipiki, kazi yenyewe si ya ajabu, ingawa haisamehe uzembe. Mezani kinatandikwa kitambaa safi cheupe ili kisipotee hata kipande kimoja. Regulata ina sehemu mbili. Hatua ya kwanza ni kipande cha shaba kilichopakwa kromu, kinachofungwa kwenye mtungi. Kinapokea hewa yenye mgandamizo wa mara 200 hivi kuliko hewa tunayovuta, na kuishusha hadi ibaki na ziada ya kama mara 10 ya mgandamizo wa hewa tunayovuta, juu ya mgandamizo wa maji yanayokizunguka. Hatua ya pili ndiyo inayokaa mdomoni, ikimaliza kazi kwa diaframu ileile ya Rouquayrol.

Fundi hufungua kifuniko kwa spana yake maalumu, anatoa diaframu, springi, pini na siti. Siti ni kipande kidogo cha plastiki ngumu kinachokaa juu ya mdomo wa shaba na kuuziba. Akikiweka kwenye mwanga anaona duara limechongeka usoni mwake, alama ya mdomo ule uliokibana maelfu ya mara. Duara likizama sana, siti haizibi tena. Oringi za zamani zinatolewa kwa kijiti cha shaba au plastiki. Mwenye haraka hutumia sindano ya chuma, na mkwaruzo mmoja kwenye mdomo au kwenye mfereji wa oringi unatosha kuifanya regulata ivuje milele.

Shaba iliyoota kutu ya kijani huloweshwa kwenye siki iliyochanganywa na maji, kwa dakika chache, huku fundi akiiangalia; ikikaa sana, kromu inaanza kubanduka. Inasuuzwa kwa maji safi na kukaushwa. Oringi mpya zinapakwa grisi kidogo, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya vyombo vya kupumulia. Grisi ya gari haiguswi: inaharibu mpira, na penye hewa yenye oksijeni nyingi inaweza kushika moto.

Kisha kinafuata kipimo, na hapo ndipo fundi wa kweli hujulikana. Geji inafungwa kwenye bomba la hatua ya kwanza, mtungi unafunguliwa taratibu, na mshale unapanda. Ukifika mahali pake na kutulia, siti imeziba. Ukiendelea kutambaa kidogo kidogo, hata kwa mwendo usioonekana upesi, hewa inapenya, na kazi inarudiwa tangu mwanzo. Hatua ya pili inajaribiwa kwenye beseni la maji: inateremshwa polepole, mdomo ukiangalia juu, hadi hewa ianze kulia. Ikilia maji yakiwa kama sentimita 3 juu ya diaframu, iko vizuri. Ikilia mapema itamwaga hewa ovyo. Ikichelewa itamchosha mzamiaji kwa kila pumzi. Na baada ya hayo yote, safari ya kwanza ya chombo hicho ni kwenye maji mafupi, mahali mtu anaweza kusimama.

Ziwa Victoria linaongeza masharti yake. Uso wake uko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, ilhali mafunzo ya uzamiaji huhesabu mahali popote palipo juu ya mita 300 kuwa nyanda za juu. Hewa ya Mwanza ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Unguja, kwa hiyo mzamiaji anayepanda kutoka mita 25 hapa anapata mabadiliko ya mgandamizo yaliyo makubwa zaidi kwa uwiano kuliko mwenzake aliye baharini kwenye kina kilekile. Akitumia majedwali ya bahari bila kuyarekebisha, naitrojeni iliyoingia mwilini inaweza kutoa mapovu ndani ya damu. Na muda ni mfupi. Mtungi wa lita 12 uliojazwa vizuri, ambao mtu mtulivu angeumaliza kwa karibu saa mbili akiwa juu ya maji, unamtosha kama nusu saa tu kwenye kina cha MV Bukoba. Mwenye hofu, au anayevuta mwili kwenye korido lenye giza, anaumaliza mapema zaidi.

Maji yenyewe yamebadilika. Sangara walipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 walikuwa wamewala furu wa aina nyingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, waliofanya kazi katika Ghuba ya Mwanza tangu 1977, waliyashuhudia mabadiliko hayo samaki kwa samaki, na mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba ukungu wa maji uliotokana na mbolea, udongo na mwani ulikuwa unawazuia furu kutambuana kwa rangi zao. Mzamiaji naye anatambaa ndani ya ukungu huohuo. Maji baridi hayana chumvi ya kula shaba, na hiyo ni nafuu. Lakini tope laini na mabaki ya magugu maji huingia kwenye valvu ya kutolea pumzi, na punje moja ikikaa chini ya ukingo wa mpira, maji yanaingia mdomoni pamoja na hewa. Regulata ya ziwani haingoji ukaguzi wa mwaka. Inataka kufunguliwa, kusuuzwa na kuangaliwa na mtu aliye karibu.

Je, mtu huyo anaweza kupatikana Mwanza? Historia ya ziwa inajibu kwamba ndiyo. Kwa miongo mingi wavuvi wa dagaa walitoka usiku na taa za karabai, kabla ya taa za umeme wa jua kuanza kuzichukulia nafasi. Karabai ni chombo cha mgandamizo: tangi la mafuta ya taa, pampu yenye washa, mrija mwembamba na tundu dogo kuliko ncha ya sindano. Kila mwalo, kuanzia Kayenze na Igombe hadi visiwa vya Ukerewe, ulikuwa na watu waliojua kubadilisha washa, kuzibua tundu bila kulipanua na kuitafuta hewa inayovuja. Hawakupewa ujuzi huo na kiwanda. Waliurithishana kwa kukaa ubavuni mwa fundi, na taa iliyozimika katikati ya ziwa ilikuwa hasara ya usiku mzima, kwa hiyo walijifunza kuheshimu vipande vidogo.

Kigoma ina mfano mkubwa zaidi wa heshima hiyo. Tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao ya Goetzen karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili isiangukie mikononi mwa maadui. Kabla ya kuizamisha, wahandisi walizipaka mashine zake grisi nene. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, karibu miaka 8 tangu izamishwe, mashine zilikuwa zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Grisi iliyopakwa kwa uangalifu na mikono isiyojua kama itarudi ndiyo iliyoiokoa.

Ajali zilizofuata zimethibitisha thamani ya wazamiaji. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kikiwa na abiria wengi kupita 101 ambao kiliruhusiwa kubeba, na zaidi ya watu 220 walikufa. Tarehe 22, wakati matumaini yalikuwa yamekwisha, wazamiaji walimkuta fundi mitambo wa kivuko akiwa hai karibu na chumba cha injini, ndani ya hewa iliyonaswa humo. Walimtoa. Ilikuwa hewa ileile iliyowabakiza hai watu wa MV Bukoba kwa saa chache. Safari hii alikuwepo mtu wa kuifuata kutoka chini.

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na mlango wa nyuma ulivunjwa kwa kasia. Watu 24 walinusurika. Wengine 19 walikufa, wakiwemo marubani wawili waliokuwa sehemu ya mbele, iliyotangulia majini. Ushujaa wa wavuvi ulistahili kila sifa uliyopewa. Lakini mtu anayevuta pumzi yake mwenyewe na kuizuia ana dakika moja au mbili za kufanya kazi, na kufungua chumba kilichojaa maji kunataka zaidi ya hapo.

Mengi yanafanywa sasa. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, linasimamia mradi wa mawasiliano na uokoaji wa Ziwa Victoria, wenye kituo cha uratibu jijini Mwanza. Uratibu, redio na boti ni vya lazima. Lakini boti ikifika, mtu atakayeruka majini anategemea oringi zisizozidi bei ya chakula cha mchana, na fundi aliyezibadilisha. Regulata zilizokaa stoo miaka 3 bila kufunguliwa hazitamsaidia. Kompresa ya gereji haitamsaidia pia: inajaza matairi, haifikii mgandamizo wa mtungi, na hewa yake inaweza kubeba mafuta na moshi hadi mapafuni.

Mwanza ina vyuo viwili vinavyoweza kuanza. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, una kampasi Nyegezi, inayowafahamu watu wa ziwa. VETA Mwanza imezoea kumchukua kijana na kumfanya fundi mwenye cheti. Benchi moja safi, geji, seti ya spana, vipuri vya aina mbili tatu za regulata na mwalimu aliyethibitishwa na watengenezaji vingetosha kuwafundisha vijana wa kwanza, na wao wangeandika kwenye daftari kila regulata waliyoifungua, tarehe, kipande kilichobadilishwa na kipimo cha mwisho. Kijana wa Kiseke anayeshinda akifungua injini za pikipiki tayari ana nusu ya ujuzi huo mkononi.

Meli ya MV Mwanza, iliyoteremshwa majini katika bandari ya Mwanza Kusini Februari 2023, imejengwa kubeba abiria 1,200, karibu mara tatu ya waliotakiwa kupanda MV Bukoba. Manispaa ya Ilemela, TASAC na vyuo hivyo viwili vikae pamoja, vitenge fungu la benchi hilo katika bajeti ijayo, na viwaite vijana waje kujifunza.